Jirani Bila Kilele: Kuitetea Riwaya ya Upole Mbele ya Wahakiki Wake, kwa Kuitazama Garsen

Limo katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili dai moja ambalo limerudiwa mno hata likasahaulika kuwa ni dai. Dai lenyewe ni kwamba riwaya isiyo na mgogoro si riwaya. Mwanafunzi hukutana nalo katika shule ya sekondari, ndani ya mwongozo unaomwelekeza aorodheshe migogoro kabla hajaulizwa hadithi inahusu nini. Hulikuta tena katika shahada ya kwanza, likiwa limevishwa joho la nadharia. Na afikapo kuandika tasnifu ya uzamili, hulitumia mwenyewe kuwapimia waandishi wengine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kipimo hicho, ambacho zamani kilikuwa na faida, sasa kinawapofusha wasomaji wasiione sehemu kubwa ya maisha ambayo fasihi ya Kiswahili ina wajibu wa kuyaandika.

Ipo aina ya riwaya ambayo kipimo hiki huifukuza mlangoni. Ni mfululizo wa riwaya za upole kuhusu majirani wa mji mmoja: mlango unapakana na mlango, mtu anaazima, mwingine anadai chake, mtoto anakua, mjane anachumbiwa, na kitabu kinakwisha bila maiti wala mapinduzi. Mfano unaojulikana zaidi leo ni mfululizo wa 44 Scotland Street wa Alexander McCall Smith, mwandishi wa Kiskoti aliyezaliwa Bulawayo mwaka 1948. Alianza kuuchapisha mwaka 2004 katika The Scotsman, gazeti la Edinburgh, sura fupi kwa kila siku ya kazi. Alifuata nyayo za Armistead Maupin, ambaye hadithi zake za wapangaji wa San Francisco zilianza kutoka katika San Francisco Chronicle mwaka 1976. Katika Edinburgh ya McCall Smith, mateso makubwa kuliko yote ni ya Bertie, mtoto mdogo ambaye mamake amemshurutisha kujifunza Kiitaliano na kupiga saksafoni, ilhali yeye anatamani tu kuwa kama watoto wenzake. Mfululizo huo ungewasilishwa katika semina ya idara ya Kiswahili, hukumu yake ingejulikana kabla ya chai: fasihi pendwa, fasihi ya kupumbaza, fasihi ya walioshiba.

Ubaya wa hukumu hiyo hauonekani vizuri kutoka Edinburgh, wala kutoka Nairobi. Unaonekana kutoka Garsen, mji ambao kwa mtazamo wa kwanza haufai hata kidogo kuwa uwanja wa riwaya ya aina hii.

Kipimo cha Mgogoro

Hapana budi kukiri kwanza kwamba kipimo hiki hakikuzuka bila sababu. Wahakiki wa miaka ya 1970 na 1980, Dar es Salaam na Nairobi, walipambana na uhakiki uliosifu lugha tamu na maadili mema bila kuuliza nani anamiliki shamba na nani analilima. Mgogoro wa kitabaka ukawa ndio ufunguo, na ufunguo huo ulifungua milango mingi. Pasipo huo, riwaya kama Kuli (1979) ya Adam Shafi isingesomwa kama inavyostahili. Kosa lilikuja baadaye. Lililokuwa swali likageuzwa kuwa sharti, na riwaya isiyojibu swali hilo ikahesabiwa kuwa haina la kusema.

Yatazamwe yaliyompata Shaaban Robert. Utubora Mkulima (1968) ni habari ya mtu anayeiacha kazi ya mjini akaenda kulima na kuishi na jirani zake. Siku ya Watenzi Wote (1968) inamfuata Ayubu katika Dar es Salaam, mji wa watu wa asili nyingi wanaotafuta namna ya kukaa pamoja. Vitabu hivi viwili husomeshwa kana kwamba ni utoto ambao riwaya ya Kiswahili ilipaswa kuupita ili ifike utu uzima. Wahusika wake, hudaiwa, ni bapa, na utu wake ni ndoto. Aghalabu dai hilo kuhusu wahusika lina haki. Hata hivyo limetwikwa mzigo usio wake, kwa kuwa pamoja na wahusika bapa limetumiwa kuutupilia mbali mradi mzima wa kuandika juu ya namna watu wanavyokaa pamoja pasi na kudhuriana.

Au itazamwe Vuta n'kuvute (1999) ya Adam Shafi. Tasnifu zimeandikwa juu ya Denge na harakati za kupinga ukoloni, na ni haki ziandikwe. Mwajuma, jirani anayempokea Yasmin huko Ng'ambo baada ya msichana huyo kumkimbia mumewe Raza, hutajwa kwa sentensi mbili tatu na kuwekwa chini ya kichwa cha wahusika wadogo. Lakini ni katika chumba cha Mwajuma ndimo mipaka ya rangi na ya mitaa ya Unguja ya kikoloni inapovukwa kwanza, kwa mtu kulazwa na kulishwa, kabla ya mkutano wowote wa siri. Uhakiki uliozoea kutafuta kilele hupita mlangoni pa chumba hicho bila kubisha hodi.

Mfano wa tatu ni mzito zaidi. Chozi la Heri (2014) ya Assumpta Matei, iliyosomwa na watahiniwa wa shule za sekondari nchini Kenya, inafunguka Ridhaa akiwa tayari katikati ya magofu ya nyumba yake. Waliomchomea walikuwemo jirani, na Mzee Kedi, aliyeishi naye kwa miaka mingi, alikuwa miongoni mwao. Riwaya hiyo ina ujasiri wake, na hakuna anayeweza kuilaumu kwa kuandika juu ya vita vya baada ya uchaguzi. La kujiuliza ni jinsi inavyofundishwa. Usiku mmoja wa moto umekuwa ndio riwaya, na miaka yote ya ujirani iliyoutangulia imekuwa kumbukumbu ya kuongezea uchungu wa usiku huo. Mwanafunzi anatoka darasani akijua namna Kedi alivyogeuka. Hajaulizwa hata mara moja namna Kedi na Ridhaa walivyoweza, kwa muda wote ule, kutogeukiana.

Garsen Inayojulikana na Garsen Isiyojulikana

Garsen ni mji mdogo wa Kaunti ya Tana River, katika bonde la chini la mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Uko karibu na panda ya barabara itokayo Malindi, ambapo mkono mmoja huelekea Witu na Lamu, na mwingine Hola na Garissa. Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji ndio wanaotajwa kwanza kila panapotajwa mahali hapa, ingawa wapo pia Wawardei, Wagiriama, Wabajuni na wafanyabiashara waliotoka bara.

Katika maandishi, eneo hili huingia kwa mlango wa damu. Hola inajulikana ulimwenguni kwa tarehe 3 Machi 1959, siku ambayo wafungwa 11 waliozuiliwa na serikali ya kikoloni walipigwa hadi kufa. Bonde la chini lilitajwa tena magazetini wakati wa mapigano ya wakulima na wafugaji ya mwaka 2001 na 2002. Kisha ukaja mwaka 2012. Tarehe 22 Agosti, huko Riketa, waliuawa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 10 Septemba, Kilelengwani, waliuawa 38, wakiwemo askari polisi. Tarehe 21 Desemba, Kipao, waliuawa wengine zaidi ya 30. Tume ya uchunguzi iliundwa chini ya Jaji Grace Nzioka. Yaliyotokea yaliandikwa, na yalistahili kuandikwa.

Hata hivyo, mtu aliyezisoma habari hizo zote bado hajui jambo moja la msingi: watu hawa wamewezaje kuishi ukingoni mwa mto mmoja kwa karne nyingi? Jibu haliko katika tarehe za mauaji. Liko katika mambo ambayo hakuna tume inayoundwa kuyachunguza. Waorma huziita malka zile njia za kuteremshia ng'ombe mtoni. Njia hizo hupita baina ya mashamba. Mashamba nayo yako ukingoni kwa kuwa kilimo cha Wapokomo kimetegemea tangu jadi mafuriko na tope linalobaki maji yakipungua. Kiangazi kinapokaza, mifugo humiminika kwenye delta kutoka mbali, wakati uleule mkulima ana kitu shambani. Kila mwaka, basi, watu wale wale hukutana mahali pale pale kwa haja ile ile, na kila mwaka sharti wapatane upya.

Ng'ombe anaingia katika mpunga wa mtu. Aliyemwona ni mtoto. Je, mtoto aseme, na amwambie nani? Mwenye ng'ombe ni mteja wa duka la shemeji wa mwenye mpunga. Mkewe huleta maziwa kila asubuhi kwenye hoteli ambayo mwenye mpunga hunywa chai kwa deni. Mzee wa upande huu anatumwa kwa mzee wa upande ule, na kabla ya kutaja ng'ombe huuliza hali za watu wote wa nyumbani. Fidia inatajwa, inakataliwa, inapunguzwa, inalipwa nusu. Nusu iliyobaki haidaiwi, kwa kuwa masika mto utapanda, na aliye na deni atahitajiwa na aliye na mtumbwi, au kinyume chake. Mafuriko ya 1997 na 1998, ya 2018 na ya 2023 hayakuwabagua wakulima na wafugaji.

Mhakiki atakayesema kwamba hapo hakuna mgogoro hajui anachokitazama. Mgogoro upo kila siku. Baina ya ng'ombe kuingia shambani na watu kuuana pana ngazi nyingi, na takriban siku zote jambo hukomea ngazi ya kwanza au ya pili, kwa sababu kuna mtu aliyelizuia lisipande. Riwaya ya upole ni riwaya ya ngazi hizo za chini. Isemwe kwa usahihi, basi, kwamba haikosi mgogoro bali inakosa kilele, na inakikosa kwa kuwa wahusika wake wamefanya kazi kubwa ili kisiwepo. Kuiandika kazi hiyo kwahitaji ustadi usiopungua ule wa kuandika vita. Vita vina pande mbili, na kila mtu anajua yuko upande gani, ilhali katika ujirani mtu mmoja ni mdai kwa huyu, mdaiwa kwa yule, mkwe kwa wa tatu, na shahidi asiyetaka kuitwa kwa wa nne.

Zaidi ya hayo kuna suala la lugha. Kipokomo ni ndugu wa Kiswahili katika kundi la lugha za Sabaki. Kiorma ni cha ukoo wa Kikushi, mbali kabisa na hizo. Kwenye mizani ya soko la Garsen, kwenye dirisha la zahanati na katika uwanja wa shule, pande hizo hukutana katika Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili hapo kinatumika kwanza kama chombo cha kupatana bei, kuuliza hali na kuomba radhi. Ikiwa kuna lugha ambayo riwaya ya ujirani wa Garsen ingepaswa kuandikwa, ni hii, na ikiwa kuna idara zinazopaswa kuidai riwaya hiyo, ni zile zinazokifundisha Kiswahili.

Kikoa na Kisima

Huenda ikadhaniwa kwamba mtazamo huu umeagizwa kutoka ng'ambo pamoja na riwaya za McCall Smith. Sivyo. Fasihi ya delta yenyewe inao tangu zamani, ila umesomwa kwa jicho moja. Fumo Liyongo, shujaa ambaye masimulizi yanamhusisha na Ozi na Kipini penye mlango wa Tana, amechambuliwa kwa nguvu zake, ushairi wake na usaliti wa mwanawe. Utenzi unaosimulia habari zake, hata hivyo, umejaa ujirani. Wanaotumwa kumwua wanamwendea kwa kikoa: wale makoma kwa zamu, kila mtu apande mkoma siku yake, ili zamu ya Liyongo ifikapo apigwe mishale akiwa juu. Liyongo anaziangua koma kwa mshale akiwa chini, na njama inavunjika. Msiba wa tukio hilo hauko katika mishale. Uko katika kwamba taasisi ya ujirani iliyo ya kawaida kuliko zote, kulishana kwa zamu, imefanywa mtego. Msomaji asiyejua thamani ya kikoa katika siku ya amani hawezi kuujua uzito wa kukitia sumu.

Kisha kuna kisima. Liyongo, baada ya kuchomwa, anakufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wa mji wanaogopa kukaribia. Siku zinapita, mji hauna maji. Hatimaye mamake anaombwa aende akamtulize. Wahakiki wamezama katika ule mwili uliopiga goti. Ni nadra kumpata aliyesimama upande wa pili, pamoja na watu wenye mitungi mitupu. Mji mzima umekwama kwa kuwa njia ya maji imezibwa na silaha, na anayetegemewa kuifungua ni mwanamke mzee kwa maneno ya upole. Kwa msomaji wa Tana River, ambako njia ya kwenda majini ndiyo kiini cha kila jambo, upande huo wa kisima ndio wenye habari.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni zito. Litasema kwamba upole huficha, kwamba mfululizo wa vitabu vya kupendeza kuhusu Garsen ungekuwa zulia la kufunikia makaburi ya Riketa na Kipao. McCall Smith mwenyewe ameshutumiwa hivyo kwa mfululizo wake mwingine, ule wa Precious Ramotswe wa Gaborone, ulioanza mwaka 1998, kuwa unamwuzia msomaji wa mbali Afrika iliyosafishwa. Shutuma hiyo isipuuzwe. Kuna upole wa mgeni, ambaye hapungukiwi na kitu watu wakipatana au wakigombana, na kuna upole wa mkaazi, ambaye anajua bei ya kila tabasamu. Namna ya kuzitenganisha ni kutafuta deni. Katika riwaya ya upole iliyo ya kweli, msomaji anajua nani anamdai nani, nani amenyamaza, na kimya hicho kimemgharimu nini. Mwanamke anayeendelea kumwuzia maziwa mtu ambaye kaka zake walikuwa upande ule mwaka 2012 ni mhusika wa riwaya ya upole. Asiyetajiwa mwaka huo kabisa ni mhusika wa tangazo la utalii. Pingamizi hili, basi, linaikataa riwaya mbaya ya upole. Aina yenyewe haijaguswa.

Pingamizi la pili husema kwamba upole ni anasa ya walioshiba: Edinburgh inaweza kujishughulisha na saksafoni ya Bertie, lakini mahali penye ukame na mafuriko panahitaji fasihi ya mapambano. Hoja hii ina sura ya huruma na ndani yake mna dharau. Inamwambia mtu wa Tana kwamba jambo la pekee alilo nalo lenye kustahili kuandikwa ni dhiki yake. Historia inaikanusha. Kamati ya wanamuziki watano iliyokabidhiwa kutunga wimbo wa taifa la Kenya kabla ya uhuru wa 1963 ilichukua mahadhi ya wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Zingekuwapo nyimbo za vita za kuchagua, kwani nchi ilikuwa imetoka vitani. Taifa zima husimama wima hadi leo kwa mahadhi ambayo mama wa ukingoni mwa Tana alimlazia mwanawe, kisha wahakiki wake husema kwamba watu wa huko hawana nafasi ya upole.

Pingamizi la tatu linahusu umbo. Mfululizo, husemwa, ni umbo la biashara. Inasahauliwa kwamba riwaya ya Kiswahili imekuwa na mfululizo wake tangu Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), akaendelea naye hadi Kosa la Bwana Msa (1984). Mauaji yamo humo, lakini msomaji aliyerudi kitabu baada ya kitabu hakurudi kwa ajili ya maiti. Alirudi kwa ajili ya kiko cha Bwana Msa, soga zake, na mtandao wa jamaa na majirani wa Unguja ambamo kila siri hufumbuliwa. Kwa ujirani umbo hilo lina sababu ya ndani kabisa. Riwaya moja inadai mwisho, na mwisho unadai mtu afe, aoe au ahame. Jirani hafanyi hayo kwa zamu ya mwandishi. Kesho yupo tena mlangoni, na jana yake haijasahaulika. Sura fupi za gazetini zinazosomwa leo na kungojewa kesho ndizo zinazokaribiana zaidi na namna mtu anavyomjua jirani yake, na gazeti la Kiswahili linalofika Garsen kwa basi la Malindi lingeweza kuzibeba.

Hitimisho

Linaloshindaniwa hapa ni zaidi ya suala la ladha. Mtoto aliyezaliwa Garsen mwaka wa mauaji yale amekwisha kuwa kijana. Anachokijua kuhusu jirani wa upande wa pili, kama hakukiona kwa macho yake, amekipata katika habari za mapigano na katika riwaya za mtihani ambamo jirani huingia ameshika mwenge. Amefundishwa kwa kina jinsi ujirani unavyovunjika. Jinsi unavyoshikizwa hajafundishwa, kwa kuwa wakubwa wake wa vyuo vikuu waliamua zamani kwamba jambo hilo si fasihi. Siku ng'ombe atakapoingia shambani mwa babake, kijana huyo atakuwa na mifano mingi ya kilele na hatakuwa hata na mmoja wa ngazi ya pili.

Waandishi watafuata njia yao, na hakuna idara inayoweza kuwaamuru. Mitihani, hata hivyo, hutungwa na watu, na watu hao wamesomeshwa na idara hizi. Badala ya kumwambia mtahiniwa ajadili migogoro mitano katika riwaya aliyoisoma, anaweza kuulizwa ni mgogoro upi uliokaribia kuzuka ukazuiliwa, ni nani aliyeuzuia, na alilipa nini. Riwaya nyingi zilizomo katika orodha za sasa zitalipwaya swali hilo, na kupwaya huko kutawafahamisha wahakiki jambo. Mtahiniwa wa Garsen hatakosa la kuandika.